KINYWA KIMEPONA, LADHA BADO

Ndugu wafanyakazi, leo tunazungumza juu ya sahani ya chakula. Huenda wengine watashangaa. Chama kinachozoea kusema juu ya mishahara, saa za kazi na ajali za mashine kina nini na ladha ya maharage? Tunaomba msomaji avumilie kidogo, maana jambo lenyewe limetufuata kazini, wala si sisi tuliolitafuta.

Mwenzetu mmoja, fundi wa mashine katika kiwanda kimoja cha hapa Kigali, alirudi kazini baada ya kutibiwa kansa ya ulimi. Hakupenda jina lake liandikwe, nasi tumemheshimu. Siku aliyorudi tulifurahi sana. Tulichanga fedha kidogo kidogo, tukanunua mishikaki ya mbuzi na viazi vya kuchoma, chakula ambacho zamani alikipenda kuliko chakula chochote. Alitia kipande kimoja kinywani, akatafuna, akanywa maji, akatafuna tena, akanywa tena. Kisha akaisogeza sahani pembeni na kusema ameshiba.

Maneno yakaanza siku hiyo hiyo. Wengine walisema anaringa. Wengine walinong'ona kwamba ugonjwa umerudi, au kwamba kuna mkono wa mtu. Kesho yake hakuonekana kantini. Wiki nzima alikuwa akikaa peke yake nyuma ya ghala saa ya chakula, na chupa ya uji mkononi. Tena kapita alimwandikia makosa mawili ya kuchelewa kurudi kwenye mashine, kwa kuwa nusu saa ya chakula haikumtosha.

Wazee wa tawi walipokwenda kumwuliza, aliwajibu hivi: "Wazee wangu, mimi sikuwadharau. Nyama ile kwangu ilikuwa kama kutafuna kipande cha turubai. Chai naiona maji ya moto yenye kutu. Nilipotoka hospitali kila mtu aliniambia nimepona, nami nikaona haya kusema kwamba siwezi kula."

Tuliona aibu. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Tangu siku ile tulianza kuuliza waganga na wauguzi, na kuzungumza na wengine waliotibiwa ugonjwa huu. Haya ndiyo tuliyojifunza, na tunayaandika ili mwenzetu mwingine asije akala uji nyuma ya ghala kwa aibu.

ULIMI UNAVYOONJA

Juu ya ulimi, kwenye kaakaa na nyuma karibu na koo, kila mtu ana maelfu ya vinundu vidogo vya kuonjea. Kazi yao ni kutambua ladha tano: tamu, chumvi, ukali wa ndimu, uchungu, na ile ladha nzito ya mchuzi wa nyama au uyoga. Chembe zilizomo ndani ya vinundu hivyo hazikai sana. Baada ya siku 10 hivi, au wiki mbili, za zamani hufa na mpya huchukua nafasi yake, kama wafanyakazi wa zamu wanavyopokezana mashine.

Lakini vinundu peke yake havitoshi. Chakula kikavu hakionjeki. Lazima kwanza kiyeyuke katika mate, ndipo ladha yake ifike kwenye kinundu. Mtu mwenye afya hutoa mate kati ya nusu lita na lita moja na nusu kwa siku, bila hata kufahamu. Pua nayo hufanya sehemu kubwa ya kazi, na ndiyo sababu mtu mwenye mafua makali huona isombe haina maana. Mwisho ipo mishipa ya fahamu inayopeleka habari hizo zote kwenye ubongo.

Basi kuna vinundu, mate, pua na mishipa ya fahamu. Kimoja kikiharibika, chakula hubadilika. Vikiharibika viwili au vitatu kwa pamoja, mtu hukaa mbele ya sahani kama mgeni asiyejua lugha ya nchi.

MATIBABU YANAVYOGUSA LADHA

Kansa ya kinywa hutibiwa kwa njia tatu kubwa: upasuaji, mionzi na dawa. Mara nyingi mgonjwa hupata mbili kati ya hizo, au zote tatu.

Katika upasuaji, daktari hukata sehemu yenye uvimbe. Sehemu ya ulimi ikiondoka, huondoka na vinundu vyake, na pengine mshipa wa fahamu huguswa.

Mionzi kwa kawaida hutolewa siku tano kwa wiki, kwa muda wa wiki 6 au 7. Mionzi hushambulia chembe zinazozaliana upesi, maana ndivyo kansa ilivyo. Lakini tumekwisha kusema kwamba chembe za kuonja nazo huzaliana upesi. Kwa hiyo nazo hupigwa. Mgonjwa huanza kuona mabadiliko katika wiki ya pili au ya tatu ya matibabu. Kwanza chakula hupoa ladha, halafu hugeuka: sukari yawa kama mchanga, nyama yawa chungu, maji yenyewe yanuka chuma. Tezi za mate pia huungua, mate yakawa machache na mazito kama gundi. Juu ya hayo kinywa hutoka vidonda, hata kumeza kukawa adhabu.

Dawa za kansa zinazopitishwa katika mshipa wa damu huweza kuongeza ladha ya chuma kinywani.

Sasa sikilizeni jambo ambalo wengi hawaambiwi. Matibabu yakiisha, vidonda hupona katika wiki chache, na majirani husema mtu amepona. Ladha haifuati kalenda hiyo. Kwa wengi huanza kurudi baada ya miezi miwili au mitatu, na huendelea kurudi pole pole hata kufikia mwaka mzima. Kwa wengine hairudi yote. Mate huchelewa zaidi ya ladha, na wapo wanaobaki na kinywa kikavu maisha yao yote. Hali hii si uchawi. Wala kupotea kwa ladha peke yake si dalili kwamba kansa imerudi. Ni alama ya vita ambayo mwili umepigana.

MATIBABU YAMEKARIBIA NYUMBANI

Tukumbuke pia tulikotoka. Mwaka 2012 kilifunguliwa kituo cha kansa cha Butaro, katika wilaya ya Burera, na wengi wakapata dawa na upasuaji humu humu nchini. Lakini mashine ya mionzi haikuwapo. Mgonjwa aliyehitaji mionzi alipaswa kupelekwa Uganda, Kenya au hata India. Mwaka 2016 mashine ya mionzi ya hospitali ya Mulago, Kampala, iliharibika, na wagonjwa wa Uganda na wa nchi jirani walioitegemea wakataabika. Ndipo mwaka 2019 mionzi ikaanza kutolewa hapa Kigali, katika hospitali ya kijeshi ya Kanombe, kwa mashine mbili za kisasa.

Hiyo ni hatua kubwa. Mtu wa Nyamirambo au Kimironko anaweza kupigwa mionzi asubuhi na kulala kwake usiku. Lakini hatua hiyo imeleta jambo jipya. Zamani aliyekuwa Kampala au India alipambana na ladha yake mbali na macho yetu. Sasa yumo miongoni mwetu. Anapanda basi pamoja nasi, anakaa meza moja nasi, anasimama kwenye mashine ya jirani. Kwa hiyo wajibu wa kumfahamu umekuwa wetu.

MPISHI ALIYEPOTEZA ULIMI WAKE WA KAZI

Wako watu ambao ulimi ndio nyundo yao. Katika viwanda vya chai kuna wenzetu wanaoonja majani kabla hayajapelekwa kwenye mnada wa Mombasa. Kuna wanaoonja kahawa, na kuna wapishi wa kantini. Kwao kupoteza ladha ni kupoteza chombo cha kazi, sawa na seremala aliyekatwa vidole.

Kisa kimoja kinachojulikana duniani ni cha Grant Achatz, mpishi mwenye mkahawa maarufu mjini Chicago, Marekani. Mwaka 2007, akiwa na umri wa miaka 33, aligunduliwa kuwa na kansa ya ulimi iliyokwisha kukua sana. Alishauriwa kwanza akatwe sehemu kubwa ya ulimi. Baadaye madaktari wa Chuo Kikuu cha Chicago walimtibu kwa dawa na mionzi, na kabla ya mwaka kwisha wakamwambia kansa haionekani tena. Lakini ladha ilikuwa imekwenda yote. Mpishi mkubwa akawa haonji chumvi wala sukari.

Je, aliacha kazi? La. Aliendelea jikoni akitumia pua, macho na kumbukumbu, na wapishi wenzake wakawa ulimi wake. Wao walionja, yeye akaongoza. Ladha ilimrudia moja moja, utamu ukitangulia. Mwaka 2008 alipewa tuzo ya James Beard ya mpishi bora wa Marekani.

Hatusemi kisa hiki ili kumsifu tajiri wa mbali. Tunataka kuonyesha mambo mawili. Kwanza, ladha huweza kurudi, na hurudi kwa zamu. Pili, mtu yule hakusimama peke yake. Wenzake wa kazi walimshika mkono. Kama jambo hilo liliwezekana katika jiko la Chicago, kwa nini lisiwezekane katika kiwanda cha Kigali?

KULA KUMEKUWA KAZI

Kwa mwenzetu anayerudi kutoka matibabu, neno letu la kwanza ni hili: usingoje hamu. Hamu haitakuja leo wala kesho. Kula kama unavyomeza dawa, kwa saa maalumu, kidogo kidogo, mara tano au sita kwa siku. Mwili unahitaji chakula ili ujijenge, hata kama ulimi hautoi shukrani. Jipime uzito kila wiki. Ukiona kilo zinaendelea kushuka, rudi hospitali mapema.

Chagua chakula chenye nguvu na kinachoteleza. Uji wa mtama au wa soya uliotiwa maziwa na karanga za kusaga, avoka iliyopondwa, mayai, maziwa mgando, maharage yaliyosagwa na kuongezwa mchuzi, viazi vilivyopondwa. Nyama ikiwa chungu, iache kwa sasa. Mayai, maharage, samaki na dagaa laini watachukua nafasi yake. Kijiko cha chuma kikikuletea ladha ya kutu, tumia cha mti au cha plastiki. Chakula cha vuguvugu au kilichopoa huvumilika kuliko cha moto, na hakiunguzi kinywa ambacho hakisikii vizuri. Pilipili, ndimu na tangawizi visubiri mpaka vidonda vyote vimepona. Baada ya hapo, ndimu kidogo huamsha ulimi.

Safisha kinywa. Chukua lita 1 ya maji yaliyochemshwa yakapoa, tia kijiko kimoja cha chai cha chumvi na kijiko kimoja cha chai cha bikaboneti, si hamira. Sukutua na uteme, mara kadhaa kwa siku, hasa kabla na baada ya kula. Tumia mswaki laini na dawa ya meno yenye floridi, kwa maana meno yasiyo na mate huoza upesi. Na hili lishikeni sana: aliyepigwa mionzi ya taya asing'olewe jino mahali popote kabla hajamwambia daktari wa meno habari hiyo. Mfupa uliopigwa mionzi hupona kwa shida, na kidonda cha jino kinaweza kuwa balaa.

Jihadharini na hatari mbili za ulimi usioonja. Ya kwanza ni chumvi na sukari. Mtu asiyesikia chumvi huongeza kijiko juu ya kijiko, mwishowe akajitafutia shinikizo la damu. Apimiwe na mwingine. Ya pili ni chakula kilichoharibika. Ulimi hautamwonya kwamba maziwa yameoza. Mama watoto au jirani aonje kwanza.

Wauzaji wa vidonge vya mitaani watakuja na chupa zao. Mpaka leo hakuna kidonge kilichothibitishwa kwamba hurudisha ladha. Mwulizeni daktari kabla ya kutoa fedha. Na aliyekuwa akivuta sigara au kunywa pombe kali aache kabisa. Vitu hivyo huzidisha ukavu wa kinywa, na tena huita kansa ya pili.

Kidonda kipya kisichopona, uvimbe shingoni, damu kinywani, au maumivu yanayozidi badala ya kupungua, hayo si mambo ya ladha. Usingoje tarehe ya kuonana na daktari. Nenda siku hiyo hiyo.

NA SISI TUSIOUGUA

Mwaka 2020 watu wapatao 377,000 duniani waligunduliwa kuwa na kansa ya midomo na kinywa. Visababishi vikubwa ni tumbaku ya aina yoyote, ya kuvutwa au ya kutafunwa, pamoja na pombe. Mtu akitumia vyote viwili, hatari haijumlishwi, bali huzidishwa. Sigara ya kuondoa usingizi zamu ya usiku na chupa ya kanyanga siku ya mshahara ni marafiki wabaya wanaotembea pamoja.

Jitazameni kinywani mara moja kwa mwezi, penye mwanga. Kidonda kisichopona baada ya wiki tatu, doa jeupe au jekundu lisilofutika, uvimbe, au ganzi ya ulimi, vipelekwe kituo cha afya. Mwenzetu wa kiwandani alikaa na kidonda chake miezi mingi akisema ni jino limemkwaruza. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Kansa ya kinywa iliyoonekana mapema huhitaji matibabu madogo, na matibabu madogo huacha ladha nyingi.

MADAI YETU

Mtu aweza kuuliza: yote haya ni ya hospitali, chama kina sehemu gani? Sehemu yetu ni hii. Hospitali humtibu mtu kwa miezi miwili. Kazini yuko miaka mingi. Fikirini mchuma chai wa Mulindi au Gisakura aliyepigwa mionzi. Yuko juani tangu asubuhi, kinywa kikavu kama kitambaa, na analipwa kwa kilo. Kila mara akisimama kunywa maji, anapoteza majani. Akiacha kunywa, hawezi kumeza chakula chake cha mchana. Achague nini, mate au mshahara? Swali hilo haliwezi kujibiwa na daktari. Litajibiwa na mwajiri pamoja na chama.

Kwa hiyo tunasema kila tawi lilete mambo haya mbele ya mwajiri wake:

(a) Mfanyakazi aliyetibiwa kansa ya kinywa awe na maji karibu naye wakati wote wa kazi, kwenye mashine au shambani, wala kunywa maji kusihesabiwe uvivu.

(b) Muda wake wa chakula uongezwe, au ugawanywe mara nyingi zaidi, bila kukatwa mshahara.

(c) Kantini iweke kila siku chakula laini: uji mzito, mayai au maharage ya kupondwa. Gharama yake si kubwa, na wazee wasio na meno watakifurahia pia.

(d) Siku za kwenda kliniki na kwa daktari wa meno zisigeuzwe kuwa utoro. Sheria ya kazi namba 66 ya mwaka 2018 inatambua likizo ya ugonjwa kwa cheti cha daktari. Chukueni cheti, toeni nakala, na mjumbe wa tawi asome sheria hiyo pamoja nanyi.

(e) Ambaye kazi yake ilikuwa kuonja apewe kazi nyingine kwa muda, naye arudishwe mahali pake ladha ikirudi.

Juu ya hayo, kila mmoja wetu alipe mutuelle au ahakikishe bima yake iko sawa kabla ya kuugua. Bima hainunuliwi mlangoni pa hospitali.

Msomaji atataka kujua mwisho wa habari ya fundi wetu. Wazee wa tawi walikwenda kwa mkuu wa kiwanda, wakamweleza kwa utulivu. Makosa yale mawili yalifutwa, na sasa anapewa robo saa zaidi ya chakula. Uji wake haunywi tena nyuma ya ghala. Anakaa nasi mezani, na hakuna anayemwuliza kwa nini hali nyama.

Mwezi wa saba baada ya matibabu, mpishi wa kantini alimpa ndizi mbivu. Aliuma, akanyamaza, akauma tena. Tukaacha kula, tukamtazama. Akasema, "Tamu." Neno moja tu. Chumvi bado, nyama bado, chai bado ina kutu kidogo. Lakini meza nzima ilipiga makofi, hata kapita yule aliyeandika makosa alicheka.

Ndugu wafanyakazi, kidole kimoja hakivunji chawa. Mwenzetu akirudi kutoka hospitali, tusimwulize tu kama amepona. Tumwulize pia kama anaweza kula.